Kabla ya Kununua UPS ya Biashara, Hesabu Dakika

Mtu anapoingia katika duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo kutafuta UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa dakika chache umeme wa ukutani ukikatika, mara nyingi husema maneno mawili tu: "Nipe ya 650," au, ikiwa biashara yake imekua kidogo, "Nipe ya 1000." Muuzaji hushusha boksi, hulijaribu kwa kuwasha taa moja, huandika risiti, na mambo yamekwisha. Namba waliyoelewana ni ya VA, yaani volti zikizidishwa kwa ampea, nayo haisemi kifaa kitabeba vitu gani, kwa muda gani, wala kitafanya nini siku umeme utakapokuja mdogo badala ya kukatika. Nimehudumia maduka, shule na ofisi ndogo kwa miaka ya kutosha kuona kwamba UPS nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu hazikuwa mbovu siku zilipouzwa. Zilinunuliwa kwa namba ambayo haikuhusiana na shida ya mnunuzi.

Shida yenyewe hupimwa kwa dakika. Umeme ukikatika sasa hivi, ni vitu gani katika biashara yako ambavyo havitakiwi kuzimika hata kwa sekunde moja, vinatakiwa viendelee kuwaka kwa dakika ngapi, na dakika hizo zikiisha kitafuata nini? Kwa kawaida jibu la sehemu ya mwisho ni moja kati ya mawili: ama jenereta au inveta yenye betri kubwa itakuwa imeshapokea mzigo, yaani vifaa vinavyotumia umeme, ama kompyuta zitakuwa zimezimwa kwa utaratibu, data imehifadhiwa, na watu wanasubiri umeme urudi. UPS ni ya huo muda wa katikati. Anayetaka imvushe kwenye mgao wa saa sita ameipa kazi ya inveta au jenereta, na hata akinunua kubwa kiasi gani, atakuwa amelipa fedha nyingi kwa dakika chache.

Wakazi wa Unguja wana mfano ambao hawajausahau. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, kwa sababu ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka Bara kupitia chini ya bahari. Hakuna UPS ya kuvuka miezi mitatu. Hoteli na maduka yaliendeshwa kwa jenereta. Lakini palipokuwa na kompyuta nyuma ya jenereta, UPS bado ilikuwa na kazi yake kila siku: kushikilia zile sekunde za jenereta kuzimwa ili itiwe mafuta, au kuhamishwa mzigo kutoka jenereta moja hadi nyingine. Kifaa kilekile ambacho hakina msaada kwa miezi mitatu kina msaada mkubwa kwa sekunde thelathini.

Wapo wanaosema kwamba sasa mambo yamebadilika, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 na mgao uliotusumbua mwishoni mwa 2023 umebaki historia. Ni kweli kwamba uzalishaji umeongezeka sana, na ni jambo la kushukuru. Hata hivyo umeme unaoharibu vifaa dukani mara nyingi hauna uhusiano na kiasi kinachozalishwa Rufiji. Unatokana na mambo ya karibu zaidi: transfoma ya mtaa iliyobebeshwa nyumba nyingi kuliko uwezo wake, tawi la mwembe linalogusa waya upepo ukivuma, kiungo kilicholegea kwenye nguzo. Na gridi yenyewe, hata ikiwa na umeme wa kutosha, inaweza kupata hitilafu moja ikazima karibu nchi nzima, kama ilivyotokea Tanzania tarehe 1 Aprili 2024 na Kenya tarehe 25 Agosti 2023. Usiku ule wa Kenya sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa kuwa jenereta ya baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka. Ndiyo maana huwa namuuliza mteja lini mara ya mwisho jenereta yake iliwashwa ikiwa na mzigo, kabla hatujazungumzia UPS. Dakika kumi za betri zina maana ikiwa kuna kitu kitakachokuwa tayari dakika ya kumi na moja.

Kukatika, basi, ni aina moja tu ya tatizo, na kwa vifaa vingi si aina mbaya zaidi. Umeme wetu wa kawaida wa nyumbani na dukani ni volti 230. Katika maeneo yaliyo mwisho wa laini, jioni watu wanaporudi na kuwasha kila kitu, utakuta volti 185 au 175. Taa zinafifia, feni inazunguka kwa uvivu, na friji inanguruma bila kuanza. Kisha kuna lile la hatari, la waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, kukatika kwenye nguzo. Hapo majengo yaliyo kwenye fezi tofauti, yaani nyaya tofauti zinazoleta umeme mtaani, huwa kama yameunganishwa katika mnyororo mmoja wa volti 400, na mwenye mzigo mdogo ndiye anayepokea sehemu kubwa ya volti hizo. Duka lenye kompyuta mbili na ruta, likiwa jirani na karakana yenye mashine za kuchomelea, ndilo linaloungua. Ukishaelewa tofauti ya matatizo haya matatu, yaani kukatika, kushuka na kupanda, aina za UPS hazitakuchanganya tena, kwa sababu zinatofautiana hasa kwa namna kila moja inavyoyakabili.

Aina ya kwanza na ya bei ndogo ni ile ya kusubiri. Umeme wa ukutani hupita ndani yake moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, na betri hukaa pembeni ikichajiwa. Umeme ukikatika, swichi ya ndani huhamia kwenye betri kwa muda wa milisekunde 2 hadi 10. Kompyuta haihisi, kwa kuwa kisambazaji umeme chake, yaani sehemu ya ndani inayoipokelea umeme wa ukutani, kina akiba ya kuhimili milisekunde 16 hivi. Tatizo la aina hii hujitokeza jioni. Kwa kuwa haina njia ya kupandisha volti, umeme ukishuka chini ya kiwango chake, tuseme volti 180, dawa yake pekee ni kuhamia kwenye betri kana kwamba umeme umekatika. Ukipanda kidogo inarudi. Ukishuka tena inahama. Betri inatumika mara ishirini kwa jioni moja bila umeme kukatika hata mara moja, na baada ya miezi michache mwenye duka anasema UPS za siku hizi hazidumu.

Aina ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa maduka na ofisi nyingi ndogo. Kwenye boksi huandikwa "Line Interactive", na ndani yake kuna transfoma inayofanya kazi ya stebilaiza: umeme ukishuka inaupandisha, ukipanda inaushusha, na betri haiguswi. Nyingi hukubali umeme wa kuanzia volti 165 hivi hadi 290. Kwa mtaa ambao umeme hushuka kila siku, tofauti kati ya aina hii na ya kwanza ni tofauti kati ya betri ya miaka na betri ya miezi. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba inaweza kuhimili kila kitu. Volti 350 zikiingia kwa sababu ya nyutro iliyokatika, UPS yenyewe inaweza kuungua huku ikiilinda kompyuta, na kwa hiyo napendelea kuweka mbele yake kifaa cha kukata umeme volti zikizidi, kile ambacho wengi wanakijua kama gadi ya friji au ya TV. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na UPS.

Aina ya tatu huitwa "Online". Hii haihamii popote, kwa kuwa muda wote inabadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme wa betri, kisha inautengeneza upya kuwa volti 230 safi. Kilichounganishwa nayo hakijui kama Tanesco ipo au haipo. Seva inayobeba mfumo mzima wa biashara, mashine za maabara, vifaa vya mawasiliano vya taasisi kubwa: hivyo vinaistahili. Wauzaji hupenda kuiuza kwa kila mtu kwa hoja kwamba ndiyo bora, na kwa ulinzi kweli ndiyo bora, lakini kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kubadilisha umeme mara mbili hupoteza sehemu yake kama joto. Ikiwa mzigo wako ni wati 560 na UPS inapoteza wati 65 tu, kwa kukaa imewashwa saa 24 kwa siku 30 utakuwa umechoma karibu uniti 47 za Luku kwa mwezi, na joto hilo lote limebaki katika chumba chako. Feni zake huzunguka daima, na katika duka lenye vumbi la barabarani hujaa uchafu. Mwenye chumba kidogo kisicho na kiyoyozi afikiri mara mbili kabla ya kuichukua.

Kabla sijaacha suala la aina, kuna neno moja la kutazama kwenye boksi. UPS za bei ndogo zikiwa kwenye betri hutoa umeme ambao wimbi lake ni la ngazi, wakati umeme wa gridi una wimbi laini. Taa na chaja hazijali. Seva na baadhi ya kompyuta mpya zenye visambazaji umeme vya kisasa hujali sana: nyingine huvuma, nyingine huzima palepale betri inapoanza kazi, yaani katika dakika ile uliyoinunulia UPS. Kwa seva tafuta maandishi "Pure Sine Wave", na usiyaamini mpaka umeijaribu na mashine yako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na zinapotea kwa njia mbili zilizo kinyume. Wapo wanaosoma lebo nyuma ya kompyuta, wakiona wati 500 wanazidisha kwa idadi ya kompyuta na kununua UPS kubwa mno. Lebo ile inataja uwezo wa juu wa kisambazaji. Kompyuta ya kawaida ya ofisi pamoja na kioo chake hutumia chini ya wati 100. Wapo pia wanaoamini VA ya boksi, wakidhani UPS ya 1000 itabeba wati 1,000. VA na wati ni vitu viwili, na kinachoviunganisha mafundi hukiita pawa fakta: kwenye UPS nyingi za bei ndogo ni 0.6, kwa hiyo ya VA 1000 inabeba wati 600 tu, wakati nyingine ya VA hizohizo yenye 0.9 inabeba wati 900. Maboksi mawili yenye namba moja kubwa ubavuni, na tofauti ya wati 300 ndani yake. Wati ndizo za kuuliza. Muuzaji asiyezijua, geuza boksi utafute maandishi madogo.

Njia ya kuaminika ni kupima. Kuna vipima wati vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi, na fundi mwenye mita ya kubana waya anaweza kufanya kazi hiyo kwa nusu saa. Nitatoa mfano wa duka la dawa nililolifanyia hesabu hii Mbagala. Seva ndogo ilikula wati 180. Kompyuta tatu za kaunta na vioo vyake, 90 kila moja, zilifanya 270. Ruta, kisanduku cha faiba na swichi ya mtandao, 30. Kamera za ulinzi na kirekodi chake, 50. Printa mbili ndogo za risiti tulizihesabia 30. Jumla wati 560. Mzigo usizidi robo tatu hivi ya uwezo wa UPS, kwa sababu kifaa kinachofanya kazi ukingoni hupata joto, na mwaka ujao kutakuwa na kompyuta ya nne. Kwa hiyo tulitafuta ya wati 750 kwenda juu. Ya VA 1000 yenye wati 600 ingebeba mzigo huo siku ya kwanza huku ikihema. Ya VA 1000 yenye wati 900 ilitosha.

Angalia visivyomo kwenye hesabu hiyo. Printa kubwa ya leza haimo, kwa kuwa kila inapoamka kuchapa, sehemu yake ya joto huvuta mamia ya wati kwa mpigo, kiasi cha kuilemea UPS hata kama printa ikiwa imetulia haili chochote. Friji ya dawa nayo haimo, ingawa mwenye duka alitaka sana iwemo, na wasiwasi wake ulikuwa na msingi, kwa sababu insulini ikiharibika ni hasara na ni hatari kwa mgonjwa. Mota ya friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na dakika kumi na tano za UPS hazibadilishi lolote katika friji ambayo, mlango ukiwa umefungwa, hubaki na baridi kwa muda mrefu kuliko huo. Friji inahitaji jenereta au inveta, kipimajoto ndani, na vifurushi vya barafu. Birika la chai sitalisema sana: wati 2,000 zikichomekwa kwenye soketi ya UPS na mfanyakazi asiyeambiwa, kila kitu huzima pamoja. Zile soketi zitiwe rangi au karatasi yenye maandishi, na kila anayefanya kazi pale aonyeshwe kwa kidole.

Baada ya wati inakuja betri, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi. UPS ni boksi la kubebea betri. Boksi litakaa miaka kumi, betri haitakaa. Ile ya kawaida katika UPS ndogo ni betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 12 na saa-ampea 7. Ukizidisha unapata wati-saa 84, na mtu mwenye mzigo wa wati 84 anajiandaa kupata saa nzima. Hapati. Namba 7 imepimwa kwa kuitoa betri umeme polepole, ampea 0.35 kwa saa 20. Ukiilazimisha kutoa kwa kasi, sehemu kubwa ya kilichomo haitoki, kama vile chupa ya asali iliyogeuzwa ghafla. Watengenezaji wanaoheshimu mteja hueleza betri zao kwa wati ambazo kila seli itatoa kwa dakika 15. Betri ya volti 12 ina seli sita. Ikiwa kila seli inatoa wati 34 kwa dakika 15, betri moja ni wati 204, na betri tatu ni 612. UPS ya duka letu, ya aina ya tatu, ilikuwa na betri tatu za namna hiyo. Kwa mzigo wa wati 560, ukiongeza kinachopotea njiani, zilitupa dakika 14 zikiwa mpya. Kwa duka lenye jenereta ya kuvuta kwa mkono, dakika 14 ni nyingi. Tuliandika dakika 7 kwenye karatasi, tukijua kwamba betri huzeeka.

Nayo huzeeka haraka zaidi kwetu. Muda ulioandikwa kwenye karatasi za betri, tuseme miaka mitano, umehesabiwa kwa joto la nyuzi 25 hivi au chini ya hapo, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu. Chini ya kaunta Dar es Salaam mwezi Februari, UPS ikiwa imesukumwa ukutani na maboksi yamepangwa juu yake, nyuzi 35 si ajabu. Miaka mitano inakuwa miwili na nusu bila betri kuwa feki, ingawa feki nazo zipo. Mara moja nilifungua UPS iliyosahaulika chini ya meza kwa miaka minne. Betri ilikuwa imevimba pande zote mpaka haikutoka, na ilibidi tukate bati la chini kwa mkasi. Plastiki ilikuwa imepasuka kwenye kona na unga mweupe umekula vituo vya waya. Kwa miezi kadhaa taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka kama kawaida, kwa sababu taa ile husema tu kwamba umeme wa ukutani upo.

Kwa sababu hiyo, nikilazimika kuchagua kati ya UPS yenye skrini nzuri na nyingine isiyo na skrini lakini inayotumia betri za ukubwa wa kawaida zinazopatikana mjini, nachukua ya pili bila kusita. Ulizia bei ya betri za kubadilishia siku unayonunua UPS. Tazama tarehe iliyogongwa juu ya betri, kwa maana betri iliyokaa stoo mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kufa ikiwa bado kwenye nailoni. Zikiwa mbili au zaidi, zibadilishwe zote kwa pamoja, kwa kuwa ile ya zamani huzivuta mpya chini. Za zamani zisitupwe jalalani wala kuachiwa watoto wanaookota vyuma: ndani kuna risasi na tindikali, na wapo wakusanyaji wenye vibali vya taka hatarishi.

Kuna ufundi mmoja umeenea mtaani ambao naomba wenye biashara waukatae, nao ni kuiunganisha UPS ndogo na betri ya gari ili ikae saa nyingi. Inaonekana kama akili, na siku ya kwanza hufanya kazi. Lakini transfoma na vipozajoto vya UPS ndogo vimetengenezwa kwa kazi ya dakika chache. Ukivifanyisha kazi saa tatu, vinachemka mpaka kuungua. Chaja yake, ambayo mara nyingi hutoa ampea moja hivi, itahitaji siku kadhaa kuijaza betri ya saa-ampea 70. Betri ya gari yenyewe imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu ya sekunde chache, haikutengenezwa kunyonywa mpaka mwisho, na inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka, humo humo ndani unamokaa na wateja. Anayetaka saa nyingi anunue inveta ya kweli yenye betri zake, za risasi za kunyonywa kwa kina au za lithiamu, ambazo huvumilia kutumika mara nyingi zaidi. Inveta nyingi za sola zina sehemu ya kuchagua kasi ya kuhama: milisekunde 10 kwa kompyuta, 20 kwa vifaa vya nyumbani. Fundi akiiacha kwenye 20, kompyuta zinaweza kujizima kila umeme unapokatika, na UPS ndogo ya kusindikiza seva bado itahitajika.

Jenereta nayo ina ugomvi wake na UPS. Katika duka lile la Mbagala, kabla ya kubadilisha vifaa, umeme ulikatika nikiwa pale, kijana akavuta jenereta, taa zikawaka, lakini UPS ya zamani ikaendelea kulia. Mama mwenye duka akaniuliza, "Fundi, jenereta inawaka, feni inazunguka, mbona hili dude bado linalia?" Nikaweka mita kwenye soketi. Jenereta ikiwa haina mzigo ilitoa hezi 54, yaani mawimbi 54 ya umeme kwa sekunde. Friji ilipoanza, ikashuka hadi 47, kisha ikapanda tena. Umeme wetu ni hezi 50, na UPS ile ilikuwa na uvumilivu mdogo. "Mama, haiutambui huu kama umeme," nikamwambia. Ikabaki kwenye betri yake mpaka ikazima, kompyuta zikiwa giza katika duka lenye taa. Kulikuwa na njia tatu za kurekebisha: fundi wa jenereta arekebishe kidhibiti mwendo chake, inunuliwe jenereta ya aina ya inveta ambayo umeme wake umetulia, au ichukuliwe UPS ya aina ya tatu yenye kukubali hezi 40 hadi 70. Tulifanya ya kwanza na ya tatu, na ndiyo maana duka dogo kama lile liliishia na UPS ya bei ya juu. Jenereta iwe kubwa angalau mara moja na nusu ya UPS, kwani ikishawaka inabeba mzigo na kuchaji betri kwa wakati mmoja. Na jaribio hili lifanyike kabla hujalipa fedha yote: mwambie muuzaji alete UPS, uiwashe na jenereta yako, friji ikiwa imewashwa.

Ethi, yaani waya unaoshuka hadi ardhini, nayo ina umuhimu wake. Vifaa vya ndani ya UPS vinavyomeza umeme wa radi huumwaga kwenye waya wa ethi. Katika nyumba za zamani ambako waya huo haupo, au umeishia kwenye soketi bila kufika ardhini, havina pa kuumwaga. Fundi mwenye kipimo cha ethi aitwe kwanza. Plagi yetu ya pini tatu za mraba ina fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000, kwa hiyo UPS ya kilo VA 3, yaani VA 3,000, ndiyo ya mwisho kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Inayozidi hapo inahitaji waya na breka yake, pamoja na swichi ya kuiruka ili iweze kutolewa kwa matengenezo bila kuzima ofisi. Kwa biashara nyingi ndogo sipendi kubwa moja ya kubeba wote, isipokuwa vifaa vimekaa pamoja kama pale dukani. Ofisi zilizotawanyika ni afadhali ziwe na moja nzuri kwa seva na mtandao, na ndogondogo mezani, ili moja ikifa zisife zote.

Ndani ya boksi kuna waya mwembamba wa USB ambao katika biashara nyingi nimeukuta kwenye droo, bado umefungwa kwa kamba yake. Ukiuchomeka kwenye seva, seva itajua umeme umekatika na betri imebaki asilimia ngapi, na itajizima yenyewe kwa utaratibu hata kama umeme umekatika saa nane usiku na hakuna mtu. Windows huitambua UPS nyingi kama inavyoitambua betri ya kompyuta mpakato. Kwa Linux ipo programu huria ya Network UPS Tools. Bila waya huo, UPS usiku huchelewesha tu kuzimika kwa ghafla kwa dakika 14, na kanzidata ya mauzo inaweza kuharibika vilevile.

Siku ya kufungwa, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri na ubavuni mwa UPS. Kisha kila mwisho wa mwezi, baada ya hesabu za siku kufungwa, zima swichi ya soketi ya ukutani bila kuchomoa plagi, ili ethi ibaki imeunganishwa, na utazame saa. Waambie wafanyakazi kabla, mzigo uwe uleule wa mchana, na uache iende dakika tano. Andika betri imebaki asilimia ngapi kwenye daftari lilelile la mafuta ya jenereta. Duka la Mbagala walianza na asilimia 68 baada ya dakika tano. Siku itakaposhuka hadi 40 watajua ni wakati wa kununua betri tatu.